Chaki ya Baba kwenye Nati Zangu

Baba yangu alininyooshea gari siku ya Alhamisi, mimi nikiwa kazini, na hakuniambia. Nasema "alininyooshea" kwa sababu ndivyo anavyosema yeye hadi leo. Mimi nina neno langu jingine, na siliandiki hapa kwa kuwa ni mzazi wangu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira. Nyumbani walizoea kuniambia hasira hasara, na kila aliyeniambia hivyo alikuwa ndiyo kwanza amenikasirisha. Sasa hivi naandika haya meno yakiwa yameumana, ingawa ni zaidi ya mwaka umepita.

Gari lenyewe nililinunua la mkono wa pili, nilipopata kazi ya kudumu kwenye maabara ya hospitali moja hapa Grand Prairie. Ni gari la Kimarekani la milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane, rangi ya kijivu. Ukiliwasha asubuhi, madirisha ya jirani yanatetemeka. Mwenzangu wa kazini, nesi Mkenya ambaye maegesho yake yako karibu na yangu, aliliona siku ya kwanza akashika kiuno.

"Sasa wewe, hii gari utaifanyia nini? Hii ni ya watu wa ku-show off. Si ungechukua kitu kubwa, ubebe watu?"

"Nabeba damu za watu kutwa nzima," nikamjibu. "Inatosha."

Sikulinunua kwa ajili ya mashindano. Nililinunua kwa sababu nililitaka, na hakukuwa na mtu wa kunikataza. Nililiendesha kwenda kazini, sokoni, kanisani Garland kwenye ibada ya Kiswahili, na kwenye misiba na vipaimara, likiwa na sufuria za pilau kwenye kiti cha nyuma. Mpaka Jumapili moja nikiwa nimetoka Mesquite kununua unga wa sembe, nikaona uwanja mkubwa wa maegesho umepangwa koni za rangi ya chungwa, na magari yakiingia moja moja kupita katikati yake kwa kasi, mtu akiwa na saa. Nikasimama pembeni ya uzio saa nzima. Hakuna aliyemfukuza mwenzake, hakuna aliyemgonga mwenzake. Ni wewe, gari lako, koni na saa. Ukigusa koni unaongezewa sekunde. Nikawaza, huu ni mchezo wa mtu kama mimi, asiyetaka kusukumwa na mtu.

Mwezi uliofuata nilikuwa kwenye foleni. Mkaguzi aliniambia nitoe kila kitu kilicho ndani ya gari, hata kalamu, nami nikafungua buti nikashusha mfuko wa unga kilo kumi, ndoo ya mawese na jozi ya viatu vya kazini, nikavipanga chini kwenye lami mbele za watu. Walicheka, nami nikacheka. Halafu nikaingia, nikaangusha koni sita na kupotea njia mara mbili. Nilirudi nyumbani na sembe yangu imechomwa na jua.

Baada ya hapo gari likaanza kubadilika kidogo kidogo. Kwanza breki, kwa sababu zilinuka moshi kwenye mzunguko wa tatu. Nikabadilisha pedi na mafuta ya breki mwenyewe, nje ya nyumba yangu, nikijifunza kwenye video na kwenye kitabu cha gari. Halafu matairi. Halafu shokapu na springi ngumu zaidi, na chuma kinene cha kuzuia gari kulala upande linapokata kona. Kila kitu nilikifunga kwa mkono wangu, na Jumatatu yake gari lilelile likanipeleka kazini. Ukipita kwenye tuta, mgongo unajua. Nesi Mkenya nilimpa lifti siku moja, akasema, "Wacha nitembee tu, thanks."

Kilichoniudhi zaidi kwa muda wote huo hakikuwa gari. Ni watu wa vipuri. Mwanamume wa kaunta kwenye duka moja, kila nikienda, aliniuliza mume wangu anaendesha gari gani. Nilimwambia sina mume, nina gari. Safari iliyofuata akauliza tena. Mara ya nne niliweka tairodi ya zamani, kile chuma cha usukani, juu ya kaunta, imejaa grisi, juu ya karatasi zake safi, nikamwambia, hili ndilo swali langu, jibu hili.

Kitu cha mwisho nilichofunga ndicho kilicholeta balaa. Ni sahani mbili za chuma zinazokaa juu ya shokapu za mbele, ndani ya boneti, zenye nafasi ya kusogeza kichwa cha shokapu kuelekea ndani. Ukisogeza, tairi linalala kidogo: juu linaingia ndani, chini linatoka nje. Ukilitazama gari kwa mbele utadhani limechoka miguu. Lakini ukiwa kwenye kona kwa kasi, gari zima linaegemea upande mmoja, na lile tairi lililokuwa limelala linakaa bapa juu ya lami na kushika kwa upana wake wote. Likiwa wima tangu mwanzo, linaegemea ukingo wa nje tu, na ukingo unaliwa. Nilitumia wikiendi tatu kupata kipimo changu. Nilikiandika kwa peni kwenye mkanda mweupe, nikaubandika ndani ya boneti.

Wakati huo nilikuwa nimeshatoka kwenye koni peke yake, nimeanza kwenda kwenye barabara ya mashindano iliyoko kusini mwa Houston, wikiendi ambazo watu wa kawaida wanaruhusiwa kuendesha magari yao. Kule kuna kasi ya kweli, na kuna sheria. Mgeni hawezi kuendesha peke yake. Anakaa mwalimu kiti cha kulia, maana huku dereva hukaa kushoto, na waya wa kusemea kwenye helmeti, anakwambia geuka, kanyaga, achia, bado, bado. Siku akiridhika, anasaini kadi yako, anashuka, na tangu siku hiyo unaingia peke yako. Mimi nilikuwa na mwalimu kwa karibu miaka miwili. Wanaume walioanza baada yangu walishasainiwa. Nilichotaka maishani mwaka ule ni sahihi ile. Nilitaka kile kiti cha kulia kiwe kitupu.

Ili nieleweke kwa nini, lazima nirudi Morogoro.

Baba yangu alikuwa fundi. Gereji yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu: mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, na sanduku la spana lililopakwa rangi nyekundu. Alikuwa na sheria zake. Mwanamke haingii shimoni. Mwanamke haruki sanduku la spana. Nikisogea mpaka kwenye nguzo ya kwanza ya mabati, bila hata kunitazama alisema, "Nenda kalete chai." Nikileta chai nikasimama, alisema, "Haya, asante," na maana yake ilikuwa ondoka. Kaka yangu ndiye aliyefundishwa. Samaki mkunje angali mbichi, baba alisema, akamkunja kweli, na kaka alikuwa akilia kwa sababu ya oili kwenye kucha. Leo ni mhasibu Dodoma, tairi likipasuka anapiga simu.

Mimi nilijifunza kwa masikio, kupitia dirisha la jikoni. Nikiwa na miaka kumi na miwili kulikuwa na pikapu ya mfanyabiashara mmoja iliyokuwa ikikohoa, na baba alikuwa ameshafungua kabureta mara mbili. Nilipoleta chai nikamwambia, baba, silinda moja haichomi, angalia plagi. Akacheka, na mwenye gari akacheka. Kesho yake nilimwona kupitia dirisha anatoa plagi, anaishika juu kwenye mwanga, anaitazama. "Plagi imekufa," akamwambia mwenye gari. Hakusema nani alisema. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliumwaga wote chini, nikapigwa kwa ajili ya mchele.

Basi mzee huyo, akiwa na miaka sabini na kitu, mama akiwa ameshatangulia mbele ya haki, akaja kunitembelea Texas kwa miezi sita.

Nilimpokea kwa furaha, sitaki kusema uongo. Kwenye sanduku lake kulikuwa na dagaa, unga wa muhogo, vitenge viwili, na chini kabisa, ndani ya soksi, roli ya uzi wa nailoni, kipande cha chaki na timazi yake ya shaba. Timazi ni ile ya waashi, uzani uliochongoka mwisho wa uzi, wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Yeye aliitumia kwenye magari. Aliining'iniza mbele ya tairi, na tairi likiachana na uzi hata kwa unene wa njiti ya kiberiti, hakulala. Kwa kipimo hicho alijulikana mji mzima. Madereva wa malori walitoka mbali kuja kunyooshewa matairi na mtu asiye na mashine hata moja.

"Hivyo vya nini, baba?" nikamuuliza.

"Fundi hasafiri mikono mitupu," akasema.

Nikacheka. Hapo ndipo ningepaswa kuvificha.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba hakusubiri kupewa. Siku ya tatu alikuwa amelizunguka gari langu mara nne, mikono nyuma, kama daktari wa mifugo. Jioni, wakati wa chakula, akasema, "Mama, gari lako limevunjika mbele. Matairi yamelala."

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa subira ambayo hata mimi niliishangaa. Nilitumia sahani ya ugali kama lami na ganda la ndizi kama tairi. Nilimwonyesha linavyoegemea, linavyokaa bapa. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Aa, sawa, sawa." Akanyoosha mkono, akachukua ndizi. Nami nikaamini kwamba tumeelewana.

Alhamisi ya wiki ile iliyofuata nilikwenda kazini kwa lifti ya yule nesi Mkenya, kwa sababu gari nilishaliandaa kwa safari ya Houston na sikutaka kulichafua. Niliporudi, baba alikuwa amekaa mlangoni, ameoga, amevaa shati jeupe. Alikuwa na furaha ya ajabu. Alikuwa amepika hata wali. Nikawaza, mzee ameanza kuzoea Marekani.

Jumamosi alfajiri nikaondoka. Njia ya Houston nilikuwa naichukia, kwa sababu tangu nilaze matairi, gari lilikuwa linafuata kila mfereji wa lami, na kwa saa nne mikono inashindana na usukani. Safari hii lilikwenda limenyooka kama treni. Nilishika usukani kwa vidole viwili. Nikadhani serikali imetengeneza barabara.

Kwenye ukaguzi nilikagua kila kitu. Nilikaza nati za magurudumu kwa kipimo. Nilifungua boneti, nikapima oili, nikatazama mafuta ya breki, nikafunga. Zile sahani za chuma ziko palepale juu, kushoto na kulia, wala hazijifichi. Sikuzitazama, kwa sababu nani angezigusa? Kosa hilo ni langu, nalibeba. Limo kwenye hasira yangu pamoja na mengine.

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Kitexas mwenye sharubu nyeupe, mpole, asiyependa maneno mengi. Asubuhi aliniambia kwamba ameniangalia vya kutosha safari zilizopita, na kama leo mambo yatakwenda kama kawaida yangu, jioni atasaini. Moyo ulipiga mpaka nikausikia ndani ya helmeti.

Mzunguko wa kwanza polepole. Wa pili, nikaingia kona ndefu ya kulia kwa kasi ninayoijua, nikageuza usukani, na gari likakataa. Pua ikaendelea kwenda mbele, kama mtoto unayemvuta mkono naye ameona pipi upande mwingine. Nikaachia mafuta, tukapita pembeni kabisa, tairi la kushoto likakanyaga ukingo wa rangi. Mwalimu akasema tulia. Nikapunguza kasi, nikajaribu tena. Likakataa tena. Nikapunguza upepo wa matairi, nikaongeza upepo, nikabadili mahali pa kufunga breki. Kila kona nilikuwa nagombana nalo, na kadiri nilivyogombana ndivyo nilivyozidi kuendesha vibaya. Mchana, kwenye kona ile ile, tulitoka nje kabisa. Majani, vumbi, kimya. Mwalimu akavuta pumzi kwenye waya.

"Siyo leo," akasema. "Leo si wewe ninayekujua."

Nikamwambia ni gari. Akasema kila mtu husema ni gari. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

Nililirudisha kwenye maegesho nikalipandisha jeki. Tairi la mbele kushoto, ukingo wa nje ulikuwa umeliwa, mpira umenyofoka vipande vipande, na ndani mpya kabisa. Nikalitazama muda mrefu. Kisha nikafungua boneti, na safari hii nikatazama sahani.

Zilikuwa zimesogezwa nje mpaka mwisho. Na juu ya kila nati, mstari mmoja mfupi wa chaki nyeupe.

Ule mstari niliujua kabla sijaufikiri. Baba alipomaliza kukaza nati, aliichora chaki, mstari mmoja, ili ajue imekazwa na mkono wake. Utotoni niliiona kwenye malori, kwenye pikapu, kwenye trekta la misheni. Sasa ilikuwa kwenye gari langu, Texas, na mkanda wangu mweupe wenye kipimo ulikuwa palepale pembeni, sentimita mbili kutoka kwenye chaki. Aliuona. Haiwezekani hakuuona. Aliusoma, akachukua spana.

Nikapiga simu. Na hapa ndipo lugha yetu inaponitesa, kwa sababu hata ukiwa unataka kuuma simu, mzazi akipokea lazima umwamkie.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama! Habari za huko? Gari linakwendaje?"

"Baba. Umegusa gari langu?"

"Nimekunyooshea!" Sauti yake ilijaa furaha. "Yale matairi yalikuwa yamelala kama ng'ombe mgonjwa. Nimetumia timazi, uzi, kila kitu. Njiani hukuona? Si limetulia?"

Lilikuwa limetulia. Hapo ndipo nilipotaka kulia, maana kwa kipimo chake alikuwa amefanya kazi safi kabisa. Pale jua kali, amelala kwenye zege, na miaka yake sabini, na jeki yangu ndogo.

"Na kesho," akaendelea, "nitawaambia kanisani. Hawa watu wa hapa wanalipa mashine kunyoosha magari. Waje kwangu!"

Nikakata simu. Sijawahi kumkatia baba simu kabla ya siku ile. Siku ya pili ya wikiendi sikuendesha. Nilirudi, saa nne za barabara, gari limenyooka, nimeshika usukani kwa vidole viwili na nalia kwa hasira.

Nilipofika nyumbani Jumapili mchana, yeye alikuwa ameshatoka ibadani. Sikuingia ndani. Nilipandisha jeki hapo hapo nje, nikafungua tairi la mbele kushoto, nikalibingirisha mpaka mlangoni, nikalilaza miguuni pake.

"Nilikwambia," nikasema. "Nilikwambia mezani, kwa ganda la ndizi. Nilikuandikia kipimo kwenye boneti. Umeona maandishi yangu?"

"Niliona."

"Kwa nini hukuyafuata?"

Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya tairi. Akakipitisha polepole kutoka ndani kwenda nje. Ndani laini. Nje kiganja kikakwama kwenye mpira uliochanika. Akarudia mara ya pili kwa vidole, na mara ya tatu amefumba macho. Nilimwona uso unavyobadilika. Alikuwa anasoma, na fundi akisoma tairi hakuna wa kumdanganya.

"Kweli," akasema. "Limeegemea nje. Nimekosea."

Neno hilo nililisubiri maisha yangu yote. Nilidhani siku nikilisikia nitatulia. Badala yake damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Tairi!" nikapiga kelele. Jirani alifungua pazia, na sikujali. "Tairi umeliamini, baba! Kwa kulipapasa mara tatu! Mimi nina miaka thelathini na minane. Nilikwambia maneno hayo hayo, ukachukua ndizi ukala. Na ile plagi ya pikapu, ilikuwa hivyo hivyo. Plagi uliiamini. Mimi ulinicheka. Wewe mpaka chuma kikwambie!"

Alinyanyuka taratibu, kashika goti. "Plagi ipi?" akauliza.

Hakuikumbuka. Nilikuwa nimeibeba miaka ishirini na sita, na mwenzangu hata haikumbuki.

Nikavaa ovaroli yangu. Nikaleta sanduku la spana, nikaliruka makusudi, mbele ya macho yake, mguu mmoja halafu mwingine. Nikafungua boneti, nikafuta chaki kwa kitambaa chenye mafuta. Baba alisogea, akasimama karibu na taa ya mbele, mikono inamning'inia. "Nishike wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nami, bila kumtazama, nikasema, "Nenda kalete chai."

Ilinitoka ikiwa nzima, na sauti yake, na ule uzito wake. Nilibaki na spana mkononi. Baba akaingia ndani, nikasikia maji yanafunguliwa na sufuria inawekwa jikoni. Nilitegemea kauli hiyo itakuwa tamu. Nilikuwa nimeiwaza siku nyingi, kumfanyia mtu vile nilivyofanyiwa. Haikuwa tamu hata kidogo, na hilo nalo lilinikasirisha.

Chai aliileta kwenye kikombe kikubwa, na tangawizi nyingi kama apendavyo yeye. Akanipa. Akageuka aondoke.

"Baba," nikasema. "Shika uzi."

Akarudi. Tukafunga uzi wa nailoni pande zote mbili za gari, kwa njia yake, maana ukiniuliza, kwa kunyoosha pua za matairi kwa uzi ili yatazame mbele sawasawa, hakuna mashine itakayomshinda. Na kulaza tairi tukapima kwa kipimo changu. Mara moja mkono wake ulikwenda kwenye nati wenyewe, kwa mazoea. Nikasema "Baba," akaurudisha. Nati nilizikaza mimi. Hazikuchorwa chaki.

Ilibaki wiki moja arudi nyumbani nilipopata nafasi nyingine Houston. Alisema anataka kuja. Njiani gari lilirudia tabia yake, likafuata kila mfereji, na baba alishika mpini wa mlango saa zote nne. Karibu na Huntsville akashindwa kuvumilia.

"Linayumba, mama."

"Ndiyo."

Akafikiri. "Ndivyo linavyotakiwa?"

"Ndivyo linavyotakiwa."

Mpini hakuuachia.

Mwalimu wa sharubu nyeupe alikaa na mimi mizunguko ya asubuhi. Kwenye ile kona ndefu ya kulia niligeuza usukani na gari likageuka, likashika, tukapita mahali pale pale kila mara. Hakusema neno hata moja kwenye waya. Tuliporudi kwenye maegesho alivua helmeti, akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akasaini kadi juu ya goti lake. "Kumbe kweli ilikuwa ni gari," akasema. Akashuka, akafunga mlango.

Baba alikuwa kwenye uzio, na kofia yake ya kanisani kwa sababu ya jua. Aliuona mlango ukifungwa. Alikuja haraka haraka, akashika dirisha.

"Yule hayupo? Basi nikae mimi."

Nilimtazama. Alikuwa mzee, na uso wake ulikuwa na hamu kama ya mtu anayeomba kuonjeshwa kilichomo chunguni. Ningeweza kusema watu wa usalama hawaruhusu, na ingekuwa kweli. Nilitaka kumwambia yaliyo kweli zaidi.

"Hapana, baba. Leo naendesha peke yangu."

Akaachia dirisha. Nikaingia.

Sitasimulia mizunguko ile. Nilikwenda vizuri, si vya ajabu. Mara mbili nilijikuta nasubiri sauti ya kunielekeza, na haikuja, nikageuka mwenyewe.

Nilipotoka, breki zikinuka na injini ikitoa ule mlio wa chuma kinachopoa, baba alikuwa ananingoja mahali pangu pa kuegesha. Nilizima. Nilimwona akija moja kwa moja kwenye tairi la mbele kushoto, ameshaanza kuinama, kiganja kimefunguka, na nikahisi ile hasira yangu ya zamani inaamka tena tumboni, ikijinyoosha. Niliandaa maneno. Kisha mkono wake ukasimama hewani. Akasimama wima, akauweka nyuma ya mgongo, akaushika kwa ule mwingine. Akaja dirishani.

"Limeshika?" akaniuliza.

"Limeshika," nikamwambia.

"Haya," akasema, na hakuinama kuangalia.